Yule mzee wa mizani kaipiga MSWAKI sarafu yangu ya 1974!!!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Simtaji, mnamjua. Ukiwa na chochote cha silva hapa Dodoma utapita kwake tu.

Nimempelekea shilingi 25 ya mwaka 1974, ile ya uhifadhi wa wanyamapori, Mwalimu upande huu, twiga upande ule. Silva 925 (yaani asilimia 92.5 silva), gramu 28.28, uso unaong'aa kama kioo, boksi lake na cheti chake. Tangu itoke kiwandani Uingereza haijaguswa na kidole cha binadamu. Nilitaka bei tu. Nikatoka nje kupokea simu, kurudi namkuta kaitoa kwenye kapsuli yake ya plastiki ANAIPIGA MSWAKI. Kwa dawa ya meno. Mswaki wenyewe wa kwake!

"Ilikuwa imefifia mjukuu wangu, naisaidia."

IMEFIFIA! Ule wekundu na samawati wa pembeni, rangi ya silva iliyokaa miaka mingi, ndio watu wanaulipia! Halafu akaitupa kwenye mizani akanitajia bei ya chakavu. Boksi na cheti akavisukuma pembeni: "Hivi havina silva."

Dawa ya meno, wakuu.

ZabibuChungu: Bila picha hii ni chai.

Mtoto wa Kizota: Umemwachia mtu silva ukaenda kuongea na simu, sasa unatulilia sisi?

Mleta uzi: Simu ilikuwa ya dakika moja! Nani anategemea MSWAKI?

Kongwa Boy: Dawa ya meno aina gani mkuu? Wife ana mkufu umekuwa mweusi.

Sonara Mstaafu: Usithubutu, Kongwa. Ile dawa ina chembe za kusagia. Hata mkufu itaukwaruza, na kwenye uso wa kioo wa sarafu ndio balaa, mnunuzi akiweka lenzi akaona mikwaruzo kakukimbia. Pole mleta uzi, hapo umebaki na bei ya uzito. Mimi nilishaletewa shilingi 50 ya faru, ya mwaka huohuo, imetobolewa tundu. Mtu anaivaa shingoni na boksi analo nyumbani, kawekea vifungo vya mashati.

Mleta uzi: Afadhali tundu kuliko mswaki wa yule mzee.

Mama Chapati: Huyohuyo aliniuzia saa ya ukutani, ikifika saa sita inarudi saa tano. Nikimwambia ananiita mkwe.

ZabibuChungu: Saa nafuu. Mwenye nyumba wangu Area C kapandisha kodi kisa kapaka rangi geti.

Mtoto wa Kizota: Geti la bluu? Anayefunga maji saa mbili usiku?

ZabibuChungu: HUYOHUYO!! Na wewe ulikaa pale?

Mama Chapati: Dada yangu yupo pale sasa hivi, anaoga kwa kopo.

Mleta uzi: Wakuu, turudini kwenye sarafu. Cheti kinaweza kuokoa chochote?

Kongwa Boy: Subiri kwanza mkuu. Kwa hiyo koki anaifungia wapi, ndani au nje?