Solisita (mwanasheria wa kushughulikia ununuzi wa nyumba) niliyeletewa na dalali amenipiga hasara ya paundi 2,000 za ushuru, jamani kuweni makini

Wakuu habari zenu. Mlioko Uingereza mnaotafuta nyumba naomba msome hii mpaka mwisho, nimeumia na sitaki mwingine aje aumie palepale.

Ofa yetu ya nyumba hapa Reading ilikubaliwa tarehe 14 Oktoba 2024, paundi 340,000, vyumba vitatu. Nyumba tupu, mwenyewe alishahamia kwa binti yake, hasubiri kununua kwingine na sisi hatuna cha kuuza, yaani hakuna nyumba nyepesi kuliko hiyo. Na kila mtu alikuwa anajua mwisho wa Machi 2025 unafuu wa ushuru wa stempu (kodi ya serikali ukinunua nyumba) kwa wanaonunua mara ya kwanza unashuka, yaani kiasi cha bei kisichotozwa kinatoka 425,000 kurudi 300,000. Ukikamilisha ununuzi tarehe 31 Machi hulipi kitu, ukikamilisha kesho yake unalipa asilimia 5 ya ile 40,000 iliyozidi, ndo hiyo 2,000. (Mwenye nyumba aliyojenga nyumbani Tanzania asijidanganye, unafuu huu ni kwa ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani.) Nilimwambia solisita siku ya kwanza kwenye simu, nikamwandikia na imeli. Funguo tumepewa tarehe 11 Aprili. Siku 11 tu jamani!!

Nilimpataje? Dalali. Siku ofa inakubaliwa akanambia tumia hawa wetu tunafanya nao kazi kila siku mambo yataenda haraka, mimi nimetoka shifti ya usiku, nikaangalia tovuti yao nikaona bei yao ni paundi 799, nikasaini. Miezi baadaye ndo nasoma vizuri ile barua yao ya masharti nakuta mstari mmoja kwamba dalali analipwa 300 kwa kunipeleka kwao. Hawajavunja sheria, wanatakiwa waseme na wamesema, lakini fikiria, dalali kaajiriwa na muuzaji, halafu anakula na kwa solisita wangu, sasa hapo nani anapigania maslahi yangu?

Na ile 799 haikuwa 799. Kujaza fomu ya ushuru 95, barua ya zawadi ya mama 75, kushughulika na benki ya mogeji (mkopo wa nyumba) 75, kutoa hela kwenye Lifetime ISA (akaunti ya akiba ya kununua nyumba ya kwanza) 60, kutuma hela benki 45, juu yake VAT, imefika 1,378 na bado sechi (uchunguzi wa taarifa za nyumba kwa halmashauri na kampuni ya maji) hazimo humo. Tangu Desemba 2018 SRA, mamlaka inayosimamia masolisita, inawalazimisha maofisi ya masolisita kuweka bei zao wazi kwenye tovuti, zilikuwepo kweli, ila hizi za nyongeza ziko kwenye ukurasa wa peke yake huko chini ambao mtu aliyechoka haufungui.

Sasa njooni kwenye hela yenyewe. Sehemu ya dipoziti ni mchezo, tuko wanawake kumi, kila mwezi mmoja anapokea, kwa hiyo kwenye stetimenti yangu ya Julai kuna mistari tisa ya 500 500 kutoka kwa watu tisa. Sehemu nyingine mama kauza kiwanja Moshi kanipa. Solisita lazima aulize hela imetoka wapi, hiyo ni sheria ya kuzuia utakatishaji na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba nimeulizwa MARA NNE. Novemba nikaandika maelezo ya mchezo, majina yote, nikaambatanisha na mkataba wa mauziano wa mama wenye mhuri wa serikali ya mtaa pamoja na tafsiri niliyolipia. Desemba aliyekuwa na faili akaacha kazi, mpya ananiuliza nani hawa wanakutumia 500. Natuma tena. Januari mwingine, mwanzo tena. Machi, wa nne, ananipigia niko wodini anataka mama athibitishe kama anadai sehemu ya nyumba, wakati barua ya mama inayosema hadai chochote wanayo toka Novemba! Mama yangu ana miaka 71, nilimpigia saa tano usiku kwa saa za kwao aandike upya, akaniuliza mwanangu kwani wanadhani tumeiba?

Sechi za halmashauri na za maji nimelipia tarehe 21 Oktoba, wameziagiza tarehe 9 Desemba. Wiki saba hela yangu imekaa kwao. Na lililonikata maini zaidi, solisita wa muuzaji alijibu maswali yetu yote tarehe 6 Januari. Wangu kila nikipiga simu naambiwa tunasubiri upande wa pili. Tarehe 3 Februari muuzaji mwenyewe ndo kanionyesha ile imeli kwenye simu yake, tarehe na saa vinaonekana. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Kwa hiyo anayetafuta sasa hivi, usiulize bei kwanza. Uliza jina la mtu atakayeshika faili lako, ana mafaili mangapi, akienda likizo nani anashika, na umpigie mwenyewe saa nne asubuhi uone kama anapatikana kabla hujasaini. Hakikisha yuko kwenye orodha ya masolisita ambao benki yako ya mogeji inawakubali. Mwambie habari ya mchezo na hela ya nyumbani siku hiyohiyo, solisita aliyewahi kuwahudumia watu wetu hatashtuka, ataomba karatasi zote mara moja. Na wale mnaobadilisha mogeji mkaambiwa na benki solisita ni bure, sawa, ila jueni yule anaifanyia kazi benki, ukiwa na jambo lako kama kumwongeza mume kwenye hati tafuta wako.

Nimeandika malalamiko rasmi kwenye ofisi yao, wana wiki 8 za kujibu. Wamejibu wiki ya saba, pole nyingi na paundi 150. Nimekataa. Ukishapata jibu lao la mwisho una miezi 6 kwenda Legal Ombudsman (ofisi huru ya kusikiliza malalamiko dhidi ya wanasheria) na ni bure, nimeshaanza kujaza fomu. Kuna mtu humu aliyewahi kudai tofauti ya ushuru kwa sababu ya uzembe wa solisita? Uliambatanisha nini? Imeli zangu zote ninazo, na ya tarehe 6 Januari muuzaji amekubali kunitumia nakala.