Nikon FA au Olympus OM-4 kwa harusi za mchana?

Fundi_Upanga:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri. Ninapiga harusi kwa filamu ya rangi ya negativu, hasa nje ya kanisa la Azania Front na ufukweni Coco Beach, ambako bibi harusi mwenye ngozi nyeusi na gauni jeupe husimama juani. Kamera yangu haina mita (kipima mwanga). Katika za kununua nimebaki na mbili, zote za mwaka 1983: FA inayogawa picha katika sehemu tano na kujiamulia yenyewe, na OM-4 inayomwezesha mpigaji kupima hadi sehemu nane ndogo na kupata wastani wake. Ipi ya kuaminika, na lenzi zipi zinaupendeza zaidi uso wa mtu?

Mzee_wa_Ilala:
Mkuu, mita ya ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kinachopimwa ni kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Haijui gauni wala ngozi. FA hukisia vizuri anga linapokuwa nyuma, lakini ukuta mweupe ukijaza picha uso unaweza kuzama gizani. Kwa OM-4, pima gauni pekee na ubonyeze kitufe cha HI-LIGHT, kamera itaongeza stopu mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu) na gauni litabaki jeupe badala ya kijivu. Ukipenda kupima uso, punguza kama stopu moja, ingawa negativu huvumilia mwanga ukizidi, tofauti na filamu ya slaidi inayoungua mara moja. Mimi ningechukua OM-4.

Lenzi_Kigamboni:
Naheshimu hoja ya Mzee, ila harusi ya saa saba mchana inahitaji flashi ya kujaza vivuli vya machoni, na hapo OM-4 inakwama: flashi ya kawaida inaishia kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde, ilhali FA inafika 1/250. Kwa filamu ya ISO 100 juani, 1/60 inakulazimisha kufunga tundu la lenzi kupita f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na 1/250 inakurudisha karibu na f/11. Kuhusu lenzi, Nikkor 105mm f/2.5 ya Nikon, ambayo muundo wake ulibadilishwa mwaka 1971 kuwa wa aina ya Gauss (mpangilio wa vioo vya ndani), inatoa uso wenye makali bila ukatili, na mandhari ya nyuma hutulia. Zuiko 85mm f/2 ya Olympus ni ndogo, nyepesi na nzuri sana pia. Kwa tofauti hiyo tu nisingehama mfumo. Ogopa zaidi kuvu. Kwa unyevu wa pwani yetu, mulika tochi ndani ya lenzi kabla ya kutoa hela.

Bi_Mbezi:
Mbona hamtaji mita ya mkononi? Ukiishika kidevuni mwa bibi harusi, kuba lake jeupe likielekea kwenye kamera, inapima mwanga unaomwangukia, kwa hiyo weupe wa gauni haubadilishi kitu. Haifai maharusi wanapotoka kanisani kwa vigelegele, lakini kwa picha za kupanga sijaona cha kuishinda.

Fundi_Upanga:
Nawashukuru. Flashi imeniamulia: FA na 105mm, na mita ya mkononi baadaye. Je, 105mm yoyote ya zamani itaingia?

Lenzi_Kigamboni:
Hapana. Tafuta ya AI, yaani aina ya ufungaji wa lenzi za Nikon iliyoanza mwaka 1977, au ya kabla yake ambayo pete yake ya tundu imekwisha kurekebishwa. Isiyorekebishwa usiilazimishe, itaharibu kamera.