Mtoto wa miaka 10 hadi 12 unamwachia nini, unamkatalia nini? Wazazi wa Kigoma tupeane uzoefu

Mama Nuru, Mwanga

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 11, yuko darasa la sita. Tangu likizo iishe hoja yake ni moja: anataka kwenda kwa bibi yake Ujiji peke yake, apande hiace mwenyewe na nauli alipe mwenyewe. Baba yake kasema hapana, kamaliza. Bibi mtu naye anasema mwacheni aje, yeye umri huo alikuwa anajitwika mawese hadi sokoni. Mimi nimekaa katikati, na kila ninayemsimulia ananipa hotuba. Hotuba nimeshiba. Nataka visa: wewe wako ulimwachia nini, ulimkatalia nini, na ulijuaje kwamba ameiva? Sokoni, njiani, ziwani, simu, kulala kwa ndugu, chochote. Wa Kasulu, wa Uvinza, hata wa Tabora karibuni.

Baba Gungu

Mimi naanza na alfajiri, maana watu wanaogopa usiku na alfajiri wanaisahau. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, ila jua si la wakati mmoja. Sisi tuko mwisho wa nchi upande wa magharibi. Mwezi wa pili huku jua linachomoza saa moja imeshapita, wenzetu wa pwani wameliona kama dakika 40 kabla yetu. Na mtoto anatakiwa awahi namba, afagie, asimame mstarini. Kwa hiyo anatoka nyumbani kungali giza.

Kwa hiyo kwangu ruksa ya mchana na ruksa ya alfajiri ni mambo mawili tofauti. Kijana wangu ana miaka 10. Kurudi mchana ni juu yake, apite anakotaka, ilimradi chakula kisimpoe. Asubuhi hapana. Tulikaa wazazi wa nyumba tatu hapa mtaani tukapanga wapitiane: wa juu anashuka kwa wa pili, wawili hao wanamgongea wa tatu, ndipo wanashika barabara. Aliyechelewa anasubiriwa. Mmoja akiumwa, mzazi mmoja anawasindikiza waliobaki. Tochi anashika mkubwa wao, na nimeshampiga marufuku kuwamulika bodaboda machoni maana walishaufanya mchezo.

Faida tunaipata jioni. Mpira hadi saa moja kasoro, mtoto hajaona giza. Shemeji yangu wa Dar akipiga simu ya video saa kumi na mbili na nusu akaambiwa mtoto yuko uwanjani, anashika kichwa. Namgeuzia simu aone jua.

Mama Nuru

Hilo la kupitiana nalichukua kama lilivyo. Ila wakishaondoka, nani anajua kama wamefika?

Baba Gungu

Hakuna anayejua mpaka mchana, dada. Tukianza kumpigia mwalimu kila asubuhi, tutakuwa hatujawaachia kitu.

Mzee wa Mwaloni, Kibirizi

Wanangu, marahaba kwa mtakaoniamkia. Nyie mnazungumzia hiace. Sisi wa mwaloni mtoto anazaliwa anasikia injini ya boti.

Ninaishi na mjukuu wa kiume, miaka 12. Anaogelea kunishinda. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu asiyejua maji anabaki ufukweni, anayejua ndiye anayekwenda mbali. Ziwa hili la Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na sehemu nyingi za huku halikukaribishi polepole, ukipiga hatua chache tu chini hupati ardhi. Amri yangu ni moja: haingii majini kama hakuna mtu mzima anayemwona kwa macho. Kusikika sauti hakutoshi. Akina mama wanafua, aingie. Wakikusanya ndoo zao, naye atoke.

Ugomvi ulikuja kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, vyombo vinatoka jioni na taa, na wenzake wawili walikuwa wanachukuliwa kwenda kukumba maji mtumbwini. Asubuhi wanarudi na fungu lao la dagaa, wanauza, wanashika hela. Yeye anawatazama. Nikamkatalia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ajira ni kuanzia miaka 14, lakini mwambie mtoto habari ya sheria uone kama atakusikiliza. Nilimpeleka mwaloni asubuhi vipe vinaporudi. Mmoja wa wale wenzake alikuwa amelala juu ya nyavu, mdomo wazi, magamba yamemkaukia shavuni, watu wanapakua samaki wanamruka. Nikamuuliza mjukuu wangu: huyu sasa hivi shuleni wako somo gani? Hakunijibu, na kipe hakukitaja tena.

Badala yake nikampa chanja yake ya kuanikia. Yeye anaanika, anageuza, wingu likijikusanya anakimbilia turubai, na fungu la kuuza anapanga bei mwenyewe. Ipo siku mvua ilimwahi, dagaa wakaharibika. Sikumfidia hata senti, na bibi yake alininunia kwa hilo.

Ila niwaambie kitu. Ziwa lilipofungwa tusivue 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, chanja zilikaa tupu na watoto wote wa mwaloni wakahamia kwenye banda la gemu. Mjukuu wangu akawa anadanganya alikokuwa, kitu ambacho hakuwa nacho. Kumbe muda wote ule nilijisifu nimemlea vizuri, aliyekuwa ananisaidia kulea ni dagaa.

Binti Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka hapo kwenye dagaa.

Lakini mpaka sasa naona habari za wavulana tu, ukimtoa Nuru ambaye bado anasubiri ruksa. Kwetu mdogo wangu wa kiume alikuwa anazurura hadi Katonga hakuna anayemuuliza, mimi dada yake kwenda madrasa tu ninasindikizwa, na anayenisindikiza ni yeye! Mtoto niliyembeba mgongoni.

Sasa nina binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 10, na masharti yao ni sawa. Anayetoka anasema anakwenda kwa nani, anapita wapi, anarudi kabla ya adhana ipi. Akitaka kuunganisha kwenda kwingine, arudi kwanza aseme. Mume wangu alibisha kwamba barabara si sawa kwa wote wawili. Ni kweli si sawa. Pale kona kuna kijiwe cha bodaboda, walikuwa wanamwita binti yangu mchumba. Miaka 12! Mume wangu akataka binti abadilishe njia, azunguke nyuma. Nikasema hazunguki mtu. Nilijifunga mtandio nikaenda mwenyewe, nikawasalimia vizuri, nikakaa kwenye benchi lao, nikamwambia mkubwa wao jina la binti na jina la babu yake. Ujiji ukitaja babu umemaliza maneno. Siku hizi akipita wanamwambia tusalimie babu.

Na hili la kwamba mtoto ni wa mtaa mzima, tusidanganyane. Jirani yangu alimkanya mtoto wa mwenzie aliyekuwa anadandia gari, mama mtu akaja mbio kanga kiunoni. Tangu siku hiyo watoto wakifanya lolote watu wazima wanatazama pembeni. Mimi nilipita nyumba hadi nyumba nikasema kwa mdomo wangu: ukimwona wangu anafanya ujinga mkemee, sitakuja kugombana na wewe. Usipotamka, hakuna atakayejitia.

Mwalimu wa Zamu

Mama Nuru umeuliza unajuaje ameiva. Mimi siangalii umri, wala kama anaijua njia, njia hata mbuzi anaijua. Naangalia mambo yakienda mrama atafanyaje. Kijana wangu nilimtuma soko la Mwanga na orodha, hela nikampa pungufu kwa makusudi. Alirudi na nyanya, vitunguu na mgebuka, mafuta hakuna, akaniambia, "Baba hela haikutosha, mafuta tunayo kidogo jikoni, nimeyaacha." Wiki ile ile nilimruhusu aende kwa shangazi yake peke yake. Mpwa wangu, ambaye ni mkubwa kwake, nilimtuma vile vile, akasimama kwa muuza nyanya hadi jioni akiogopa kurudi. Huyo bado natembea naye.

Kulala kwa ndugu ndiko ninakokaza kuliko barabarani. Kesi za watoto kuumizwa nilizokutana nazo kazini, muumizaji alikuwa mtu anayeingia nyumbani na kukaribishwa chai. Kwa hiyo mtoto kabla hajalala kokote awe anajua kwamba siri kuhusu mwili wake haipo, hata akiapishwa na mjomba. Wangu nimewakaririsha na namba 116, ya huduma kwa mtoto, ni bure kupiga. Wakwe wanakasirika nikisema watoto hawalali. Wakasirike.

Mama Mapacha, Tabora

Mmesema wa Tabora tunakaribishwa, nimekuja. Kwangu simu na safari vimekwenda pamoja. Nina mapacha wa miaka 12, wa kike na wa kiume, na likizo ya mwezi wa sita walitaka kwenda Kigoma kwa baba yao mkubwa. Kazi ilinibana nisiweze kwenda nao. Nikapata mama mmoja wa mtaa wetu anayesafiri na treni hiyo hiyo, nikawakabidhi, lakini tiketi zao na hela ya chakula wakashika wenyewe. Niliwapa kitochi, laini imesajiliwa kwa jina langu, na simu hiyo hurudi kabatini likizo ikiisha. Simu kubwa ya kuperuzi hawana na hawatapata mpaka sekondari, walie tu.

Hela wa kiume aliikunja akaificha kwenye soksi. Wa kike akaigawa sehemu tatu, moja akampa yule mama amshikie. Hapo nikajua nani wa kumkabidhi kitochi.

Baba Gungu

Mama Mapacha, na treni ikichelewa wakafika stesheni usiku?

Mama Mapacha, Tabora

Ilichelewa. Nilikuwa nimeshawaambia: hamshuki kwenye behewa mpaka mumwone baba mkubwa kwa macho, hata mtu akija na jina lake, hata akijua na langu. Walikaa na yule mama mpaka alipofika. Baba mkubwa alinipigia analalamika kwamba wa kike alimtaka aseme kwanza jina la ukoo wetu, na mbele za watu.