Binti yangu anataka kusomea visukuku vya baharini, kuna kazi kweli?

MamaTumaini: Wakuu habari zenu. Binti yangu yuko mwaka wa 3 jiolojia, mi nilijua ataenda kwenye dhahabu au gesi, juzi kaniambia anataka visukuku vya baharini, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, tena vile vidogo kama vumbi. Simkatazi, nataka tu kuelewa mtu wa hivyo anashinda akifanya nini na nani anamuajiri.

Mchoronga_Miamba: Dada hiyo gesi yenyewe inatafutwa kwa vidude hivyohivyo. Vinaitwa foraminifera, viumbe vya seli moja vyenye gamba, vikifa magamba yanazama yanafukiwa na tope, na kila zama ilikuwa na aina zake, so ukichoronga kisima ukaona aina gani imo unajua mwamba una umri gani. Mwambie amsome Joyce Singano, Mtanzania mwenzetu, alikuwa TPDC, shirika letu la petroli. Yeye na kina Paul Pearson wa Uingereza walitoa utafiti kwenye jarida la Nature mwaka 2001 kutokana na kupima kemia ya magamba ya pwani yetu, maana inabadilika kulingana na joto la maji, wakaonyesha bahari za tropiki enzi viumbe hivyo vilipoishi, mamilioni ya miaka iliyopita, zilikuwa na joto la angalau nyuzi 28 hadi 32, wakati vipimo vya zamani vilikuwa vinasema zilikuwa baridi zaidi.

MamaTumaini: Kwa nini pwani yetu jamani?

Mchoronga_Miamba: Udongo wa mfinyanzi! Maji hayapenyi kirahisi, gamba linabaki angavu kama kioo. Yale ya chini ya bahari kuu mengi yameota fuwele mpya humo kwenye maji baridi ya kilindini, ukipima unapata joto la uongo. Baadaye wakachoronga Kilwa na Lindi, wakapata tabaka la mpaka kati ya zama mbili, wa miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kujaa Antaktika, hapo Hantkenina, aina ya foraminifera mwenye miiba, anatoweka kabisa. Mi nikifikiria hilo huwa nasisimka.

bint_pwani: Mama, kazi ya kila siku ni subira. Nimeifanya chuo: unaloweka udongo, unauosha kwenye chekecheo la matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unakausha, halafu unakaa kwenye maikroskopu unaokota punje mojamoja kwa ncha ya brashi iliyolowa, shingo inauma kweli ila ukimpata uliyekuwa unamtafuta unasahau yote. Mnunulie brashi za wachoraji, zile nyembamba kabisa za namba 000, zinaisha haraka.

MamaTumaini: Asante mwanangu, asanteni wote. Kesho nazitafuta Kariakoo.