Mrejesho: waifai sasa inafika chumba cha nyuma

Wakuu, nashukuru sana. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini waifai inakatakata chumbani kwa mama, kuta 3 za tofali kutoka sebuleni. Mliosema ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, isikae nyuma ya TV mlipatia kabisa. Nimeipandisha juu ya kabati la koridoni, antena zimesimama wima. Ruta inarusha mawimbi ya aina mbili; simu ya mama nimeiunganisha kwenye yale ya 2.4 GHz, ile ya 5 GHz ina kasi, lakini kwenye kuta inachoka mapema. Chaneli, yaani njia ya mawimbi ndani ya hiyo 2.4 GHz, nimeweka 11 ili tusiingiliane, maana majirani karibu wote wako 6. Jana mama kaongea na mdogo wangu aliyeko Muscat kwa video, dakika 40, picha haijaganda hata mara moja! Kifaa cha kuongeza mawimbi sijanunua, na sioni tena haja.