Mwanangu anataka kuishi kwa mbio za baiskeli za porini. Nimkatalie?

MamaG_Goba:
Wapendwa, habari za jioni. Kijana wangu ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne. Baba yake anataka aende VETA akasomee umeme. Yeye hataki, anasema atakuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, tena si zile za lami, ni zile za kupanda vilima na kuruka mizizi msituni. Yalianzia kwenye mbio za baiskeli za dunia za Kigali, zile za lami, Septemba 2025. Alizitazama kwenye simu hadi bando langu likakata, kisha akahamia hizi za porini. Sasa nyumba nzima ni Schurter, Schurter, bingwa wao wa huko porini. Tulimnunulia Kariakoo baiskeli ya gia ya mtumba, laki mbili na themanini, na kila alfajiri anapanda na kushuka nayo milima ya huku kwetu. Mara mbili karudi kiwiko kimechubuka. Anayejua aniambie: hii kazi ipo kweli? Mtu anakula?

Kijiwe_Sinza:
Mama, kwa daladala na bodaboda za Dar hii, mwombee tu afike huko porini. Natania. Ila umeme una hela, aende VETA.

FundiSpoki:
Dada, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni fundi baiskeli Tabata, na nimeshindana miaka kumi na moja mpaka goti liliponigomea. Kazi ipo. Wanaokula kwayo ni wachache, na wengi wao wako Ulaya.

Huyo Nino Schurter ni Mswisi. Ubingwa wa dunia mara 10, wa kwanza 2009, wa mwisho 2022 akiwa na miaka 36. Kwenye Olimpiki alipata shaba Beijing 2008, fedha London 2012, dhahabu Rio 2016. Ile ya London aliikosa dhahabu kwa sekunde moja, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki akampita mwishoni kabisa. Kastaafu 2025. Mwambie kijana ahesabu mwenyewe: kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane, na huyo ndiye wengi wanamwita bora wa wakati wote.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani kwenye simu halioni, nalo ni mstari wa kuanzia. Mbio hizi ni mizunguko ya kilomita nne hadi sita, jumla kama saa moja na nusu. Watu wanapangwa kwa safu kufuatana na pointi walizovuna kwenye mbio zilizopita. Mwenye pointi nyingi anaitwa kwanza, asiye nazo anasimama nyuma kabisa anakula vumbi. Mita mia chache mbele njia inakuwa nyembamba, mmoja mmoja, na kumpita mtu hakuna. Wa mbele wameshaondoka, wewe uko kwenye foleni kama ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi, mapafu unayo ila huna pa kuyatumia. Halafu kinara akikuacha kwa muda unaofikia asilimia 80 ya mzunguko wake wa kwanza, wanakutoa. Nenda kaoge.

Najua atakujibu, "mbona Tom Pidcock?", yule Mwingereza. Kweli, Olimpiki ya Tokyo alianzia safu ya nne akachukua dhahabu, tena miezi miwili baada ya kuvunjika mtulinga. Paris 2024 akapata pancha, akaachwa, akarudi, akashinda tena. Mwache Pidcock, yule ana mambo yake.

Amtazame Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 23 mwaka 2018, shaba Paris 2024, mwaka huohuo bingwa wa dunia wa wakubwa, na 2025 akarudia. Ni Mwafrika, lakini amekulia nchi yenye mbio za porini za kila aina. Sisi pointi tunazifuata kwa basi na ndege, na leseni lazima itoke chama cha taifa, bila hiyo hata ukiwa na miguu ya chuma ni mtazamaji tu.

Hapo kwenye nauli ndipo nilipoishia mimi. Kampuni moja ilituahidi jezi na safari. Jezi zilikuja, nzuri sana, zimeandikwa jina lao kifuani na mgongoni. Safari sijaiona mpaka leo. Ile jezi mke wangu anapigia deki.

Mdau_Kisarawe:
Fundi umesahau lami. Hatherly mwenyewe 2025 kaingia timu ya barabarani. Pauline Ferrand-Prévot, dhahabu ya porini Paris 2024, mwaka uliofuata akabeba Tour de France ya wanawake. Dogo asiidharau lami, mbio za Kanda ya Ziwa ziko karibu kuliko Uswisi.

FundiSpoki:
Umenena. Wasukuma wale na baiskeli usiwachezee.

MamaG_Goba:
Asanteni. Nimemsomea yote. Kwenye mstari wa kuanzia alinyamaza, kisha akauliza pointi za kwanza zinapatikana wapi. Baba yake kacheka. Fundi, sasa tufanyeje? Na ile baiskeli inafaa?

FundiSpoki:
Kauliza swali zuri, huyo. Baiskeli za wakubwa zinavuka milioni ishirini, yake inatosha kujifunzia, ila shokapu za mtumba huwa zimekufa, niletee niikague. VETA aende, mazoezi ni alfajiri na masomo ni mchana, sioni wanapogombana. Na jioni aje gereji nimfundishe kunyoosha rimu, kwa sababu porini baiskeli haibadilishwi katikati ya mbio, unamaliza na uliyoanza nayo. Pidcock siku ile ya pancha alikwenda nayo hivyohivyo mpaka eneo la mafundi, akabadilishiwa gurudumu.

Jumamosi tunakwenda msitu wa Pugu, wanne hivi. Tunaondoka Tabata saa kumi na moja na nusu. Aje na maji lita mbili, tyubu ya akiba na hela ya kiingilio getini.

MamaG_Goba:
Na helmeti?

FundiSpoki:
Bila helmeti namrudisha kwa daladala.