Naombeni ushauri: mama ana saa saba tu nchi kavu, aone nini Efeso?

Binti_Nyegezi:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Kaka yetu aliyeko Ujerumani amemlipia mama safari ya meli ya kitalii mwezi wa tano, na mimi ndiye ninayemsindikiza. Tunapandia Piraeus, bandari ya Athens, na tunarudia hapohapo. Katikati meli itatia nanga Kuşadası, Uturuki, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Tangu mama aone neno Efeso, ule mji wa kale ulio karibu na hapo, kwenye ratiba, visiwa vyote vingine havimhusu. Ni mwalimu mstaafu, miaka 68, mama wa jumuiya. Jioni anakaa barazani na Biblia, ananisomea Matendo ya Mitume sura ya 19 kama barua iliyotoka kwa ndugu yake.

Shida ni goti la kushoto. Kwetu Nyegezi tumejenga juu ya mawe, kuna ngazi kumi na moja hadi getini. Siku hizi anazishuka kiubavu, mkono ukutani, miguu yote miwili inakutana kwenye kila ngazi. Meli inauza ziara ya basi, maeneo manne kwa saa tano. Nahofia atakimbizwa. Tuchukue hiyo au tukodi gari letu? Na tuache kipi? Sitaki arudi Mwanza akiwa ameona migongo ya watu tu.

Mzee_wa_Kirumba:
Marahaba mwanangu. Anza na viza. Uturuki haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Mkishuka pale mmeshatoka Schengen, na mkirudi Piraeus mnaingia upya, kwa hiyo ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya Uturuki iulizieni sasa hivi, msingoje. Halafu basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Gari lenu likichelewa, mtaikuta imeondoka. Mimi ningepanda basi la meli.

Mtembezi_Saanane:
Nimefika pale. Efeso ina mageti mawili. Mabasi huwashusha watu geti la juu, mnateremka kwa miguu, mnachukuliwa geti la chini. Mteremko mzuri, haumchoshi mtu mzima. Ila kivuli ni haba, na choo mtakikuta getini, kwa hiyo apitie kabla ya kuingia.

Muuguzi_Igoma:
Hapana, mkuu. Goti la namna hiyo huuma zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda, ndiyo maana mama anashuka kiubavu. Mteremko mrefu wa mawe utamtesa. Dada, mtafutie fimbo yenye mpira chini na viatu vya kufunga, aanze kuvizoea sasa. Asivae vipya siku hiyo.

Mtembezi_Saanane:
Umenirekebisha, na kweli yale marumaru yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi, yanateleza hata yakiwa makavu. Basi ingieni geti la chini na mtoke hilohilo. Ukumbi mkubwa wa wazi hauko mbali, umechongwa ubavuni mwa mlima, watu kama 25,000. Ndimo wafua fedha na umati walimopiga kelele saa mbili nzima kwa ajili ya Artemi, mungu wao wa kike, mama anaijua hiyo sura. Akae chini kabisa, asipande. Mbele yake kuna barabara pana iliyokuwa inaelekea bandarini, ila bahari haipo tena: tope la mto liliijaza bandari, na leo maji yako kilomita kadhaa. Sisi watu wa ziwani tunaelewa maana ya bandari kukosa maji. Kutoka hapo hadi maktaba ya Celsus njia ni karibu tambarare. Ni ya karne ya 2, mtoto alimjengea baba yake, na kaburi la baba liko humohumo chini.

Upande huohuo wa geti la chini kuna magofu ambayo makundi mengi huyapita tu: kanisa la Maria, ulipofanyika Mtaguso, mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431 uliothibitisha kumwita Mama wa Mungu. Mama wa jumuiya asikose pale. Ila basi la meli halitawapeleka hivi. Kodini gari lenye mwongoza watalii mwenye leseni, na saa sita na nusu muwe mmerudi bandarini.

Ustadhi_Mabatini:
Asalaam alaykum. Nyumba ya Bi Maryam iko mlimani, nendeni huko kwanza, asubuhi, kabla mabasi hayajajaa. Waislamu nao huzuru, maana ana sura yake katika Qurani. Nje kuna chemchemi, watu huchota maji. Halafu mkiwa Selçuk, mji ulio jirani na magofu, simameni ilipobaki nguzo moja ya hekalu la Artemi. Mbele yenu mtaona msikiti wa Isa Bey wa mwaka 1375, na juu yake kilimani kanisa la Mtakatifu Yohane la karne ya 6, bila kupanda ngazi hata moja. Juu ya nguzo hiyo korongo weupe hujenga kiota. Ni haohao wanaohamia huku kwetu Ulaya ikiingia baridi.

Binti_Nyegezi:
Mungu awabariki. Nimemsomea mama yote, mengine kanirudisha mara mbili. Tunakodi gari: nyumba ya Bikira Maria, geti la chini, kisha nguzo kwa dakika kumi. Mzee wangu, hofu yako nimeisikia, saa sita na nusu tutakuwa bandarini. Fimbo tumenunua leo. Sasa ananituma chupa mbili ndogo zenye kifuniko cha kukaza, moja yake, moja ya jumuiya.